Pima Ishirini

Harufu ya miaa inayochemka ndiyo harufu ya kwanza ninayoikumbuka duniani. Miaa ni majani ya mkoma yaliyochanwa vipande vyembamba kama utepe na kuanikwa juani mpaka yakawa meupe. Nyumbani kwetu Kipungani yalichemshwa kila wiki katika sufuria kuukuu iliyojaa madoa ya rangi zote: zambarau, kijani, damu ya mzee. Ukiuvuta mvuke wake unapata nyasi zilizonyeshewa, moshi wa kuni, na uchachu fulani unaokamata nyuma ya ulimi kama umelamba chuma. Wanawake walikuja kusukia uani kwetu kwa sababu kulikuwa na kivuli cha ukuta asubuhi na upepo wa bahari mchana. Walikaa wamenyoosha miguu, vidole vinakwenda, midomo inakwenda, na ukili unarefuka kando ya mapaja yao ukijikunja kama nyoka asiye na haraka. Ukili ni ule msuko wa upana wa vidole vinne ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Mimi nilikaa nyuma ya Mama, mgongo kwa mgongo, nikasikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na sikupenda kutazamwa.

Bibi yangu, mama yake Mama, alipenda kuhadithia kazi. Bibi za wenzangu walihadithia majini; wangu alihadithia kazi. Alituambia jinsi Babu alivyokata boriti mikokoni, akiondoka na wenzake wiki mbili na gunia la unga, akirudi nyayo zimechanwachanwa na chaza. Boriti zile zilipakiwa zikaenda kuezekea nyumba za Arabuni ambazo Babu hakuziona hata kwenye picha. "Uhuru ulipokuya," Bibi alisema, "tuliambiwa sasa nti ni yetu. Tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Asubuhi yake babu yako akashika shoka lake akarudi mikokoni." Hapo alicheka peke yake, kwa sababu alikuwa amelisema hilo mara nyingi na wengine walishachoka kucheka. Kisha boriti zikaacha kwenda ng'ambo, ukataji ukawa wa kibali, na Babu akakaa barazani miaka yake ya mwisho mikono imemlegea kama ya mtu mwingine. Ni mikeka iliyowalisha. Bibi alivuka nayo kwenda Pate, kwa wakulima, akarudi na mahindi na nazi. "Tulikuwa maskini, mwana wangu, usidanganywe na mtu. Lakini mkeka wangu ukiwa mfupi, niliambiwa ni mfupi, nikacheka, nikaongeza msimu ujao. Hakuna aliyenifukuza."

Nimeanza na maneno hayo ya Bibi kwa sababu ninachotaka kukisimulia ni mkeka mfupi, na ufupi wake ulikuwa wangu.

Mwaka ule, baada ya masika, alikuja bwana mmoja kutoka mjini aliyekuwa akikusanya mikeka kwa ajili ya nyumba mpya za wageni huko Shela. Alivaa viatu vya ngozi kwenye mchanga wetu, nikamhurumia. Alitaka mikeka ya kutandikwa juu ya vitanda vya varandani, yote sawasawa, na akasema ikimridhisha, wanawake wa uani kwetu watakuwa wakimsukia mwaka mzima. Mwaka mzima! Baba alikuwa Malindi na mke mwingine, hatukumtaja, na Mama alikuwa amezoea kazi inayokuja kama mvua, leo ipo, kesho hujui. Usiku ule nilimsikia akimwambia Bibi kwamba nyumba moja ya Shela ilikuwa inatafuta mwanamke wa kufanya kazi na kulala hukohuko, na kwamba kazi hii ya mikeka ikikubalika hataenda. "Sitaki kulea mwanangu kwa salamu," alisema. Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua. Mikeka ikikubaliwa, Mama anabaki.

Sasa nieleze jambo la pima, maana wenzangu shuleni nikiwaambia hushangaa. Pima ni urefu wa mikono miwili ukiinyoosha kama mtu anayetaka kukumbatia mlango, kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile. Kila mtu ana pima yake, ndiyo maana wasukaji hukubaliana kutumia ya mtu mmoja, na kwetu ilitumika ya Bibi. Lakini wiki zile Bibi alikuwa ameteleza kisimani akaumia bega, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa kanga. Mama akachukua kamba ya kumbi, akaipima kutoka katikati ya kifua cha Bibi hadi ncha ya mkono ulio mzima, akarudia urefu uleule mara ya pili, akapiga fundo. Kamba hiyo ikawa Bibi. Ilitembea nyumba hadi nyumba, na kila aliyemaliza kusuka aliipimia. Kila mkeka ulihitaji ukili wa pima ishirini. Kili zote zilikusanywa kwetu, zikakaguliwa urefu, zikapelekwa kwa Bi Hadia, jirani yetu, ambaye kushona kulikuwa kwake. Hakuna aliyeshona kama Bi Hadia; ukipitisha kiganja juu ya mkeka wake huoni mshono uko wapi.

Wiki ya mwisho kabla ya bwana yule kurudi, zilibaki kili sita, ndefu, zisizokatwa. Mama alikuwa ameingiza mikono kwenye rangi hadi viwikoni. Akaniambia, "Rukia, nenda kwa Bi Hadia uchukue kamba, uzipime hizi. Ishirini ishirini. Inayozidi kata, uiweke kando." Nikatoka. Kwa Bi Hadia kulikuwa kumejaa. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi ule, na wanawake walikaa mpaka kizingitini wakichambua mchele. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeanguka nikavunjika jino la mbele. Nilipita ukutani, nimeinama, nikidhani sionekani.

"Nani huyo anayepita kama paka aliyeiba samaki?" Bi Hadia akaita. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. "Ahaa, mwana wa Zuhura! Ndoo, ndoo hapa mama, ucheke kidogo tulione hilo dirisha!"

"Mwacheni mtoto," mwingine akasema. "Huyo mposaji wake atapata upepo bure."

Wakacheka wote, na Bi Hadia akacheka zaidi, akapiga paja. Hawakuwa na ubaya, naandika hili nikiwa nalijua. Kwetu mtu asiyetaniwa ni mtu asiyependwa. Lakini wakati ule masikio yalinichemka, nikageuka, nikarudi nyumbani bila kamba. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nikakaa pembeni ya kisima, nikanyoosha mikono yangu mwenyewe, nikahesabu. Pima moja, pima mbili. Nilijinyoosha kweli, kifua kiliniuma kwa kujinyoosha. Nilihesabu kwa uaminifu wote, sikuruka hata moja, na kila ilipofika ishirini nilikata. Vipande vilivyobaki vilikuwa virefu mno. Niliviona kuwa virefu mno. Nikavifukia chini ya kumbi za nazi nyuma ya choo.

"Ushapima?" Mama akauliza.

"Nishapima."

"Ishirini?"

"Ishirini."

Bwana wa mjini alirudi na tepu ya kupimia, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe ndani ya kibweta chake. Mikeka ilitandazwa uani, mipya, inanukia, na wanawake wakasimama wamejifunga kanga zao nzuri kama wanaongoja kupigwa picha. Alipima mmoja. Akapima wa pili. Mingi ilikuwa sawa. Sita ilikuwa mifupi, tena si kwa kidole wala viwili; mtu mzima akiilalia angebaki na nyayo nje. Hakugomba. Nadhani angegomba ingekuwa afadhali. Alikunja uso tu kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai, akasema wenye nyumba wanataka vitu vinavyolingana, kuna mikeka ya plastiki inatoka dukani imelingana bila kupimwa na mtu, na yeye alikuwa ametupigania. Akachukua ile iliyokuwa sawa, akaacha sita. Akasema ataleta habari. Tulijua kwamba hataleta.

Alipoondoka ndipo maneno yalipoanza. Mama alimgeukia Bi Hadia, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Hadia, kili zilitoka kwangu nzima."

"Na mimi nimeshona nilicholetewa."

"Zilitoka ishirini."

"Basi zilinywea ndiani, Zuhura, kama nguo ya bei rahisi." Bi Hadia alikuwa bado anajaribu kucheka. Kisha akaona hakuna anayecheka. "Wataka kusema nini?"

"Nasema mkeka wa harusi unaomshonea binti yako ni mkubwa, mashallah. Nasema hilo tu."

Kuku mmoja alipita katikati ya mikeka na hakuna aliyemfukuza. Bi Hadia akanyoosha kidole, si kwa Mama, bali kwangu. "Muulize mtoto. Mtoto ndiye aliyepima."

Mama akanigeukia. Wote wakanigeukia, wale wanawake wote, macho yote yale ambayo maisha yangu yote nilikuwa nikiyakimbia. "Rukia. Ulipima ngapi?"

Nikasema, "Ishirini."

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Imechukua miaka saba, na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Nilipima ishirini. Ningeulizwa "kwa mikono ya nani," pengine ningelia nikasema. Hakuna aliyeuliza. Mama akamwambia Bi Hadia, "Umesikia," na Bi Hadia akakusanya sindano yake na kanga yake akatoka. Hakutualika harusini. Mama hangeenda hata hivyo.

Baada ya hapo uani kwetu hakukujaa tena. Mmoja alisema mtoto anaumwa, mwingine akasema anasukia kwake sasa, na wiki mbili hazikupita ila Mama alikuwa amefunga nguo zake kwenye mfuko akaenda Shela. Ni kisiwa kilekile, nataka mtu aelewe. Ukisimama ufukweni kwetu ukafuata mchanga bila kuuacha, maji yakiwa yamekupwa, utafika Shela kwa miguu yako. Hakwenda Arabuni, hakwenda hata Mombasa. Alikuwa akija Ijumaa moja kwa mwezi, baada ya sala, na kuondoka kabla ya magharibi, kwa sababu wageni hutaka kifungua kinywa mapema na asiyelala kule hawezi kukiwahi. Nilibaki na Bibi. Asubuhi kivuli cha ukuta kilianguka uani kama kawaida na hakuna aliyekikalia. Niliwahi kujaribu kukaa mahali pa kila mmoja wao kwa zamu, hapa pa fulani, hapa pa fulani, nikisema kimoyomoyo maneno ambayo wangesema. Mahali pa Bi Hadia sikupakalia. Bibi alinitazama kutoka dirishani na hakuniuliza.

Mwezi wa tatu niliamua kwenda kumwambia Mama. Sikumuaga Bibi. Nilitoka alfajiri na chupa ya maji, nikaufuata mchanga. Upande mmoja bahari, upande mwingine vilima vya mchanga, na katikati mimi, na sikukutana na mtu saa nzima isipokuwa kaa. Nilifanya mazoezi ya maneno njiani. Nilipofika jua lilikuwa limesimama kichwani, miguu inawaka. Nyumba aliyofanya kazi Mama ilikuwa na ukuta mweupe mrefu na lango la mbao zilizochongwa, na mbele ya lango alikaa askari kwenye kiti cha plastiki. Baadaye nilijua anaitwa Mutua, mtu wa Kitui.

"Wewe msichana, unatafuta nani?"

Nilisema jina la Mama kwa sauti ndogo mpaka akainama kunisikia.

"Zuhura? Wewe ni wa Zuhura? Umetoka Kipungani na miguu? Na hii jua? Ngai!" Akanipa kiti chake, akaenda ndani.

Mama alitoka amevaa sare ya buluu yenye aproni. Kwanza aligeuka kutazama nyuma, ndani ya nyumba. Kisha akanitazama mimi. "Bibi ana nini?" alisema. "Sema. Bibi ana nini?"

"Hana kitu. Hajambo."

Alishika lango, akavuta pumzi. Mikono yake ilinukia dawa ya kufulia, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyekaa majini siku nzima. "Basi umekuya kufanya nini, mwanangu?"

Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yalikuwa palepale kwenye ulimi. Ndani ya nyumba kengele ndogo ikalia, kengele nzuri, kama ya mbuzi. Mama akatazama nyuma tena. Nikasema, "Nimekuja kukuona." Uso wake ukalegea, akanishika kichwa, akanibusu haraka juu ya buibui langu dogo, akasema, "Ushaniona. Ngoja." Akarudi na keki mbili zilizofungwa kwenye karatasi laini, akamwambia Mutua anitafutie mashua inayokwenda Kipungani, na kengele ikalia mara ya pili naye hakuwepo tena.

Nikamwambia Mutua. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mgeni na sitamwona tena. Nilimwambia yote: kamba, jino, mikono yangu, ishirini. Alinisikiliza akitafuna kijiti, kisha akacheka, si kwa kunicheka.

"Sikiza. Mama yako hakuja hapa juu ya mkeka. Amekuja juu ya shida. Hiyo mkeka ingekuwa sawa, ingefika tu siku ingine wangeleta ya plastiki." Akatema kijiti. "Baba yangu alikata mkonge shamba moja miaka thelathini. Kazi ya punda. Lakini alikuwa na nyumba ya shamba, posho ya unga, na akizeeka walimjua jina. Mimi naandikwa miezi mitatu-mitatu kama dozi. Hapa kwa lango niko mwaka wa pili, na huyo mwenye nyumba ananiita askari. Sasa hiyo nayo ni mkeka gani ilikuwa fupi?"

Nilitaka kumwamini. Mashuani, nimekaa juu ya mifuko ya saruji, nilijaribu kumwamini. Lakini Mutua hakumjua Bi Hadia. Alieleza kwa nini Mama yuko Shela. Hakueleza kwa nini mwanamke asiye na hatia anapita mlangoni kwetu akiwa ameangalia upande mwingine.

Sasa nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, bweni mjini. Mshahara wa Mama ndio unaonisomesha na sitaki kuudharau. Makuti ya paa letu yamekuwa mabati, tuna taa ya sola, tuna godoro. Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia, mtu wa bara, mpole, alitupa swali kuhusu hali za wafanyakazi tangu uhuru, akataka pointi tano. Niliziandika: mishahara, vyama vya wafanyakazi, ajira za muda, ukosefu wa ardhi, wanawake kazini. Nikapata tano juu ya tano. Nilipokuwa narudisha daftari mkobani nilimfikiria Bibi, aliyefariki mwaka juzi, na jinsi ambavyo angecheka kusikia kwamba maisha yake ni pointi ya nne. Maana mimi nikijiuliza kwa dhati kama tumeondoka kwenye umaskini, sijui la kujibu. Vitu tumepata. Lakini likizo nikirudi Kipungani nalala kwa mama mdogo, na mchana nashinda nyumbani kwetu peke yangu, nafagia ua ambao hakuna aliyeuchafua.

Na kila likizo, adhuhuri, mjukuu wa Bi Hadia hunisukumia mlango kwa mguu, ana bakuli mikononi. Wali na samaki, au mkate wa mofa na mchuzi. "Bibi asema ule," husema, akakimbia. Miaka saba Mama hajamsalimu yule mwanamke zaidi ya salamu ambayo dini inalazimisha, naye ananilisha. Aprili hii nilishindwa kumeza. Nilichukua bakuli likiwa limejaa nikalirudisha mwenyewe.

Alikuwa amekaa anasuka, peke yake, amepungua mwili lakini si sauti. "Chakula kimeharibika?"

"Bi Hadia, ni mimi niliyepima kwa mikono yangu." Nilisema nimesimama, nimelishika bakuli, na nilivyoanza sikuweza kuacha. Nilimwambia hata kuhusu vipande chini ya kumbi.

Vidole vyake havikusimama. Alisuka akafika mwisho wa jani, akaunganisha jingine. "Siku ileile ya tepu nilijua," akasema. "Nimeshona mikeka tangu kabla mamako hajazaliwa, nisijue mkono wa mtoto? Kwani nilikuonesha kidole kwa nini?" Akanitazama. "Nilipoona umesema ishirini na midomo inatetemeka vile, nikasema basi. Nikipiga kelele atapigwa. Nikanyamaza siku mbili, nikajiambia Zuhura akipoa nitamweleza. Hakupoa. Akaenda Shela."

"Nitamwambia Ijumaa."

"Usimwambie." Hapo vidole vikasimama. "Mamako anaamka kabla ya jogoo kuwapikia watu asiowajua. Anapokasirika, ananikasirikia mimi. Mimi niko mbali, sidhuriki, nimezoea. Ukimwambia ni weye, hasira ile ataipeleka wapi? Una yeye, yeye ana weye. Niachie mimi."

Nililia, naandika bila aibu. Nililia mpaka wali ukawa na chumvi ya kutosha, na Bi Hadia akasema, "Haya, sasa umeshautia kiungo, kaa ule." Nikakaa nikala.

Lakini sikumtii. Mama alikuja Ijumaa ile kwa bodaboda, kama anavyokuja siku hizi, akala, akasali, akaanza kukunja sare aliyokuwa ameianika. Nikamwambia. Niliyasema mafupi kwa sababu nilijua saa. Aliendelea kukunja mpaka sare ikawa ndogo kama kitabu. Akajitupia buibui, akavaa viatu, akatoka, na nikamsikia akisimama kwenye mlango wa jirani.

"Hodi, dada Hadia."

"Hodi ya miaka saba hiyo! Karibu. Nilidhani miguu yako imesahau ndia."

Sikusikia mengine. Nilisikia sauti ya Mama ikiwa chini, kisha kilio, na sikujua ni cha nani, kisha Bi Hadia akisema kitu na wote wawili wakacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, kile cha uani, cha kupiga paja. Nilitaka wakae hivyo mpaka isha. Nje kijana wa bodaboda akapiga honi. Akangoja, akapiga tena. "Mama, jua laenda!" akaita. "Nina abiria mwingine Matondoni!"

Mama alitoka akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alichukua mfuko wake kutoka mikononi mwangu na ndipo akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nimwambie. Nilijua ananikasirikia. Niliona hasira imefika machoni, imesimama, haina pa kukaa.

"Leo sina nafasi ya kukukasirikia," alisema. "Nitakukasirikia mwezi ujao."

Akapanda pikipiki, akajishikilia, wakaenda. Bibi alipokasirika alikasirika wiki nzima, uani, mbele ya watu, huku anasuka, na sisi sote tulikuwapo mpaka hasira ikamwisha mikononi. Mama yangu ana mshahara na ana Ijumaa moja. Nimebaki mlangoni, naisikia pikipiki ikipungua upande wa Matondoni, na Bi Hadia ananiita niingie ndani, mbu wanaanza.